Alteneta ya Athmani: itengezwe au inunuliwe nyingine?

*Kikundi: Watu wa Tudor*

Athmani: Aleikum jamaa. Jana usiku foleni ya feri Likoni taa ya betri imewaka, haikuzima tena. Taa za mbele zikafifia, eisi nikaizima. Mtongwe nimefika kwa dua. Ninunue betri?

Shangazi Rukia: Si juzi tu umenunua betri wewe?

Ami Salimu: Usinunue kitu hujapima. Washa gari, weka mita kwenye betri. Alteneta ndiyo huchaji betri gari ikinguruma; ikichaji utaona volti 13.8 mpaka 14.4 hivi.

Athmani: 12.1 ami. Nikiwasha taa yashuka 11.8. Na kuna mvumo, nikikanyaga mafuta wazidi.

Ami Salimu: Mvumo ni beringi. Mkanda je?

Athmani: Umekaza, haujapasuka.

Omari: We chomoa waya mmoja wa betri gari ikinguruma. Ikizima, alteneta imekufa.

Ami Salimu: Omari mwanangu, hayo waachie wazee na magari yao. Ukichomoa hivyo umeme waruka juu, waunguza dayodi za alteneta, pengine na kompyuta ya gari. Athmani usithubutu!

Omari: 😂 nimenyamaza

Athmani: Niko kwa fundi wa waya, ashaifungua. [picha] Kaboni, vile vijipande vya kupitisha umeme ndani, zimeliwa, hii moja haifiki nusu sentimita. Beringi ya nyuma ina kutu. Kutengeza 3,500. Kuna jamaa hapa ana ya eks-Japani, 9,000.

Mwanajuma: Chukua ya Japani ulale. Kitu cha kutengezwa kesho chakurudisha kwa fundi.

Shangazi Rukia: Hilo kweli. Pijo 504 ya marehemu baba yenu ilikuwa yaijua njia ya gereji yenyewe.

Ami Salimu: Hiyo ya Japani ni mtumba, Mwanajuma. Kaboni zake nani kazipima? Athmani, pitisha ukucha kwenye zile ringi za shaba kaboni zinaposugulia. Wakwama?

Athmani: Kuna kamfereji, lakini ukucha wapita.

Ami Salimu: Koili imeungua?

Athmani: Haina weusi wala harufu. Dayodi kazipima, nzima.

Ami Salimu: Basi tengeza. Kaboni mpya, beringi zote mbili, hata ya mbele isiyolia, maana kazi ya kufungua ni ileile. Ingekuwa koili imeungua au ringi zimechimbika, ningekwambia nunua. Na betri ichajiwe kando usiku huu. Ukiiachia alteneta ifufue betri iliyoisha chaji, waitesa siku ya kwanza.

Mwanajuma: Haya, daktari kasema 🙄

Athmani: Imeshafungwa ami, mita yasoma 14.2! Taa na eisi zikiwaka 13.9. Mvumo kwisha.

Ami Salimu: Alhamdulillahi. Beringi za zamani umepewa? Umelipia mbili, uzione mbili.

Athmani: Ninazo mkononi ami, zote mbili. Ya nyuma ukiizungusha yakwaruza kama ina mchanga.