Mjadala: Haibridi ikiunganishwa nchini, vipuri vyake vitengenezwe na nani?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Hapa Ohio, kwenye mkusanyiko wetu wa Waswahili, kulizuka ubishi. Mmoja alisema magari ya haibridi ndiyo yaliyoua ajira za viwanda vya vipuri Marekani. Mwenzake akamkatalia: haibridi ina injini ya mafuta, ina mota za umeme, ina betri kubwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota), na penye vipuri vingi pana mikono mingi. Mimi niko kwenye laini ya vipuri mwaka wa tisa sasa. Naona wote wawili wamehesabu vipuri bila kuuliza vinatoka wapi.

Chukua Ford Escape Hybrid. Ilitoka 2004, ikiunganishwa Claycomo, jirani na Kansas City, jimbo la Missouri, ikawa haibridi ya kwanza kutengenezwa Marekani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini fungua boneti. Gia boksi, ambayo mota za umeme zimo ndani yake, ilitoka Japani kwa kampuni ya Aisin. Seli za betri zilikuwa za kampuni ya Sanyo, nazo za Japani. Mfanyakazi wa Missouri alibaki na kazi yake ya siku zote, kufunga bolti. Ile sehemu mpya yenye ujuzi na pesa ilimfikia ikiwa tayari ndani ya makasha.

Oktoba 2005 Delphi ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Hii ilikuwa kampuni kubwa ya vipuri iliyotengwa na General Motors (GM) 1999. Mkuu wake, Steve Miller, alitaka mshahara wa kiwandani ushuke kutoka kama dola 27 kwa saa hadi chini ya 13. Wanaoilaumu haibridi hapa wanaionea, maana mwaka ule zilikuwa chache mno barabarani. Kazi ya kusuka nyaya za magari ilikuwa imeshaanza kutoka Warren, hapa hapa Ohio, kwenda Ciudad Juárez nchini Mexico kabla hata Prius, haibridi ya Toyota, haijabuniwa. Nyaya hazielewani na mashine. Lazima mtu azilaze kwenye ubao moja moja, azizungushie tepu, achomeke plagi. Kazi ya vidole huhamia kwenye vidole vinavyolipwa kidogo. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa na dada wawili waliosuka nyaya Warren. Alikuwa akinikunjia vidole vyake kunionyesha jinsi vya kwao vilivyopinda.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha sumaku. Mota ya haibridi inataka sumaku kali za neodimi, aina ya metali. Ziligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa kampuni ya Sumitomo kule Japani na wa General Motors huku, kila upande kivyake. GM ikaanzisha kampuni ya sumaku ya Magnequench, mjini Anderson, Indiana. Mwaka 1995 ikaiuza kwa kundi la wanunuzi lililokuwa na kampuni za China, na miaka michache baadaye uzalishaji ukahamia China, viwanda vya Indiana vikafungwa. Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Yaani fundi wa sumaku alifukuzwa kwa mlango wa nyuma wakati mteja anabisha hodi mbele. Mwaka 2025 China ilipobana usafirishaji wa sumaku hizo, Ford ilisimamisha kiwanda cha Chicago wiki nzima.

Na anayesema kazi ikishaondoka hairudi, atazame Michigan. Mwaka 2010 Ford ilitangaza kwamba gia boksi ya haibridi zake zilizofuata itaitengeneza yenyewe kwenye kiwanda chake cha Van Dyke, Sterling Heights, na betri zitaunganishwa kwenye kiwanda chake cha Rawsonville badala ya Mexico. Ajira zilizotajwa hazikufika 300. Ni chache, sizipambi. Lakini uamuzi ulifanywa, na dunia haikuanguka.

Msimamo wangu ni huu: serikali ikitoa msamaha wa kodi kwa ajili ya haibridi, idai mota, inveta na betri zitengenezwe nchini, isiridhike na kuunganisha. Mkataba wa biashara wa USMCA, kati ya Marekani, Mexico na Kanada, ulioanza Julai 2020 uligusa jambo hili. Ili gari lisitozwe ushuru mpakani, asilimia 75 ya thamani yake itoke nchi hizo tatu, na kwa gari dogo asilimia 40 itoke kwenye mikono inayolipwa angalau dola 16 kwa saa. Tatizo, hizo 16 zimeandikwa zikaachwa pale pale, hazipandi na bei za vitu.

Karibuni, nipingeni.

Mchangiaji, fundi umeme wa magari, Ilala:

Mkuu, nakuheshimu, ila umemlilia wa Ohio ukamruka wa Juárez. Naye ana watoto. Kazi ilipofika kwake haikufa, ilihama. Sisi huku hatujawahi kulalamika kazi kupelekwa nje, tunaomba ziletwe. Leo kikija kiwanda cha kusuka nyaya Kibaha, vijana watapanga foleni tangu saa kumi usiku, na hakuna atakayeuliza vidole vitapinda lini.

Haibridi zetu ni mitumba ya Japani. Betri ya Toyota Aqua ina vipande 20. Ikigoma, mara nyingi vimekufa viwili au vitatu, tunavitoa tunaweka vizima kutoka betri nyingine. Hiyo ndiyo ajira ya vipuri tuliyonayo, na tumejitafutia wenyewe.

Mleta mada:

Ndugu fundi, kwa mama wa Juárez umenishika. Nimeusoma mstari wako mara tatu. Simwonei kijicho. Ninachokataa ni kazi ile ile, kwa gari lile lile, kulipwa kipande cha mshahara kwa sababu tu mpaka umevukwa. Wafanyakazi wa GM pale Silao, Mexico, walichagua chama huru cha wafanyakazi Februari 2022, wakisaidiwa na vipengele vya mkataba ule ule wa USMCA, na mwaka ule ule wakapata nyongeza ya asilimia 8.5. Yeye akipanda, wa Ohio hasukumwi tena chini. Nilipaswa kuanza na hilo.

Nyaya zikija Kibaha, zipokeeni. Ila mkataba na mwenye kiwanda ukiandikwa, uwe na tarehe ya vijana kuanza kufundishwa mota na betri. Warren walisuka nyaya kwa miongo, na kiwanda kilipowachoka walitoka na vidole vyao tu.

Halafu nina swali kwako, maana wewe ndiye mwenye jibu. Vile vipande vibovu vya Aqua mnavyovitoa mnavipeleka wapi? Ndani mna nikeli, na huku kuna viwanda vinavyoinunua. Nani anavikusanya hapo Ilala, na anawalipa kiasi gani?