Waliobomolewa makao Nairobi: wapewe fedha mkononi, au wasaidiwe kupitia vikundi vyao?

Mtoa mada

Mito ya Nairobi ilipofurika wakati wa masika ya 2024, Serikali iliwapa wakazi wa kingo zake saa 24 kuhama, tingatinga zikaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Mimi nashikilia kwamba msaada wa makazi upitie vikundi vya wakazi wenyewe, na sababu yangu kubwa ni mpangaji.

Katika mitaa ya mabanda walio wengi ni wapangaji. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi ni mali ya mtu anayeishi kwingine. Kikibomolewa, mwenye nyumba hujitokeza na madai yake, ilhali mpangaji aliyelea watoto humo kwa miaka mingi hana hata risiti ya kodi. Nilimwona mama mmoja akiambiwa na karani athibitishe alikokuwa akiishi, naye akanyoosha kidole kuelekea mahali palipokwisha kusawazishwa. Kilichomwokoa ni daftari la kikundi chake cha akiba, lililokuwa na namba ya mlango, jina lake, majina ya wanawe wanne na shilingi hamsini hamsini alizokuwa akiweka.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulianza mwaka 1996 kwa kupinga ubomoaji, kisha ukajenga desturi ya wakazi kujihesabu. Mukuru ilipotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake wa uendelezaji, wakazi walijipanga nyumba kumi kumi, wakajadili wenyewe njia, maji na mitaro.

Mchangiaji

Ndugu yangu, Mukuru hiyohiyo uliyoitaja, upande wa Kwa Njenga, ilibomolewa mwishoni mwa 2021 ili kupisha barabara, na maelfu ya familia wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao. Daftari halikuzuia tingatinga. Isitoshe, kikundi kina wenyewe: aliyehamia mwezi jana, au mfanyakazi wa kibarua asiyebakiwa na kitu cha kuweka, hayumo. Fedha zikitumwa kwa simu humfikia hata huyo, na usiku ule anatafuta chumba, hatafuti mkutano.

Mtoa mada

Hapo umenigusa, na nakubali kwamba fedha za usiku wa kwanza zitumwe bila kuuliza uanachama. Lakini shilingi 10,000 zikishalipa amana na kodi ya miezi michache, familia hurudi kando ya mto uleule, kwa kuwa ndiko kodi inakolipika.

Kuhusu tingatinga, wakazi wa Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walibomolewa mwaka 2011, na kwa kuwa walikuwa na chama waliweza kushtaki, hadi Mahakama ya Juu ikaamua Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao kwenye ardhi ya umma, ingawa hawapati hati, wana haki ya makazi inayolindwa. Ni kweli walisubiri mno. Hata hivyo, sioni mpangaji mmoja mmoja angefikaje huko.

Kwa hoja yako ya asiyeweka akiba, napendekeza daftari la akiba litenganishwe na daftari la wakazi, mtu ahesabiwe kwa kuwa analala pale, na nakala ya hesabu hiyo iwe kwa chifu kabla ya notisi yoyote kubandikwa.