Mtoto mmoja, mafungu manne ya fedha: tunayakutanishaje kijijini?

Mhudumu wa Kijiji (Iringa)
Kamwene ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji cha upande wa mashamba ya chai. Naomba msaada wa waliozoea mambo ya bajeti.

Kuna bibi kitongojini kwetu analea wajukuu watatu, mama yao anatoka alfajiri kuchuma chai. Mdogo ana miaka miwili na kimo chake ni cha mtoto wa mwaka mmoja. Kaya hiyo iko TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Wa kati yuko darasa la pili, shule inapokea ruzuku ya elimu bila malipo. Lishe ina fungu lake, ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ustawi wa jamii nao wana la kwao. Mwezi uliopita bibi aliitwa vikao vitatu ndani ya wiki mbili, kila kikao kikamwandika upya kwenye daftari lake. Bado mtoto ni yule yule.

Huku mahindi, viazi, maharage na parachichi vipo. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, wakati taifa zima ni asilimia 30. Inaniuma sana. Je, mafungu haya yanaweza kuunganishwa?

Mstaafu wa Mipango (Mbeya)
Mwanangu, kuchanganya fedha usijaribu. Kila shilingi ina kifungu chake. Ya lishe ikilipa posho ya kikao cha ustawi, hiyo tayari ni hoja ya ukaguzi. Unganisheni mpango. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi na ulinzi wa mtoto vipangwe pamoja. Itajeni kwa jina kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, kisha ufike kata kabla ya Krismasi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini anayeamka Machi anakuta madiwani wameshapitisha bajeti.

Mtendaji (Rungwe)
Ugonile dada. Sisi tuliweka Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tarehe moja na malipo ya TASAF. Akina mama walikuwa wameshafika, watoto mgongoni. Afisa lishe na wa ustawi walikuja kwa gari moja, kila mmoja akalipwa posho na idara yake. Hakuna fungu lililochanganywa na jingine, na mama alipoteza siku moja ya shamba badala ya tatu.

Muuguzi wa Zahanati (Njombe)
Mtendaji, hapo muwe waangalifu. Kwetu meza ya kupima ilikaa jirani na ya kulipa. Mama mmoja akadhani mtoto akionekana amekonda atakatwa hela, akamwacha nyumbani yule mgonjwa, akaja na mkubwa mwenye afya. Tenganisheni meza, na mtangaze mapema kuwa kupima hakuhusiani na malipo. Pia piteni kwa kaya zisizo TASAF. Udumavu uko hata kwenye nyumba za bati jipya.

Mhudumu wa Kijiji (Iringa)
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Hilo la mtoto kufichwa sikuwa nimelifikiria kabisa, na namjua mama hapa angefanya hivyo hivyo.

Nimeongea na mtendaji wetu leo. Ajenda itaingia mkutano wa kijiji ujao, na nitaandika orodha moja ya watoto wote wa chini ya miaka mitano, kitongoji kwa kitongoji, ili maafisa wote waanzie hapo. Naanza kesho kwa bibi. Nitapita jioni, mama mtu akishatoka kwenye chai, maana na yeye nataka asikie.