Ijumaa moja London: nianzie jumba gani la picha?

BintiTanga:
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nitakuwa London kwa mdogo wangu, na Ijumaa nzima ni yangu. Nataka kuona picha za wachoraji wa Ulaya, zenyewe, si za kwenye simu. Ila nasikia Renesansi, Impreshonisti, Kubisti, hata sijui kipi kilianza. Niende wapi, nitazame nini?

FundiRangi:
Karibu sana dada. Nenda National Gallery, Trafalgar Square. Kuingia ni bure, na Ijumaa hufungwa saa tatu usiku, kwa hiyo huna haja ya kukimbia.

Majina ya mitindo yaweke kando kwanza. Mimi huku napaka rangi nyumba za watu, jicho langu huenda kwenye brashi kabla ya kitu kingine, na nakushauri ufanye hivyohivyo. Anza na Jan van Eyck, ile picha ya Arnolfini na mkewe ya mwaka 1434. Ni ndogo, haifiki mita moja. Isogelee: manyoya ya mbwa, taa ya shaba, kioo cha mviringo ukutani kinachoonyesha migongo yao na watu wawili wengine mlangoni. Alama ya brashi utaitafuta usiione.

Halafu ruka karne nne uende kwa Turner, picha ya treni ya mwaka 1844. Treni inavuka daraja la Mto Thames kule Maidenhead, nusu imemezwa na mvua. Hapo rangi ni nene, imeparuzwa, na mkono wa mchoraji unauona wazi. Mbele ya treni kuna sungura anakimbia. Amefifia mno, lakini mtafute.

Ukitoka hapo utamwelewa Monet, Mfaransa, mmoja wa hao Impreshonisti. Mwaka 1841 John Goffe Rand alibuni tyubu ya bati ya kuwekea rangi. Kabla yake rangi ilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukikitoboa inaanza kukauka. Kwa tyubu, kuchorea nje kukawa rahisi. Tazama maji aliyochora Monet mwaka 1869 pale La Grenouillère, mahali pa kuogelea mtoni karibu na Paris: mapigo mafupi ya brashi, kila moja limeachwa lilivyo. Rudi nyuma hatua chache, mto unatembea. Napapenda hapo kuliko chumba chochote London.

Mvuvi_Pwani:
Kubisti mkuu umewasahau, wale wanaovunja sura kuwa vipande vyenye pembe. Dada, vuka daraja la Millennium kwa miguu uende Tate Modern, bure pia. Zamani kilikuwa kituo cha umeme. Wana "Mwanamke Anayelia" wa Picasso, 1937, ila angalia kwanza tovuti yao kama ametundikwa.

FundiRangi:
Kweli, lakini Tate Modern aipe siku yake. Majumba mawili makubwa kwa siku moja, la pili hutaliona, utakuwa unatafuta kiti tu.

BintiTanga:
Asanteni sana. Na van Gogh je?

FundiRangi:
Yumo humohumo National Gallery. "Alizeti" za mwaka 1888, alizichora Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, apambe chumba cha rafiki yake Gauguin, mchoraji mwenzake. Simama ubavuni mwa picha, si mbele yake, uone rangi ilivyovimba kwenye zile mbegu.