Mwaridi wa kutambaa unachanua kileleni tu, na harufu inapotea mchana: nifanye nini?

Mkazi wa Lushoto

Ndugu zangu wapenda maua, ninaomba msaada wenu kuhusu miwaridi miwili niliyoipanda mbele ya nyumba yangu miaka mitatu iliyopita. Wa kwanza ni wa kutambaa, niliuziwa kitaluni bila jina, nikaambiwa tu kwamba maua yake yananukia sana. Wa pili ni wa kichaka, wenye maua mekundu yaliyokoza. Ule wa kutambaa umepanda nguzo ya baraza hadi kwenye paa, lakini maua yote yako juu kabisa, mahali ambapo siyafikii hata nikisimama juu ya kiti, na chini zimebaki fimbo tupu zenye miiba. Wa kichaka unachanua vizuri, ila harufu yake ninaipata asubuhi peke yake. Ikifika saa sita mchana huwezi kuisikia mpaka uliguse ua kwa pua. Kila masika majani ya yote miwili hupata madoa meusi, hugeuka manjano na kupukutika. Samadi ninaweka na maji hayakosekani. Marehemu mama yangu alikuwa na mwaridi mmoja uliokuwa ukinukia hadi barabarani, na ningependa sana watoto wangu nao wakue na harufu ile.

Mama Bustani, Limuru

Ndugu wa Lushoto, habari zako. Kinachousumbua mwaridi wako wa kutambaa ni ile nguzo. Tawi linapopanda wima, ncha yake hutoa kichocheo kinachoshuka na kuyalaza usingizi macho yote (vijicho vya kuchipulia) yaliyo chini yake, kwa hiyo mmea huchanua juu tu. Ukililaza tawi likaelekea ubavuni, kila jicho huamka na kutoa kitawi kifupi, na maua huja kwenye vitawi hivyo. Nililijua hili nikiwa nimechelewa. Kwa miaka minne nilikuwa na mwaridi kwenye ukuta wa jikoni uliochanulia majirani wa ghorofani, nami nikabaki na miiba. Nilipofunga waya za mabati ukutani, mstari juu ya mstari, nikayatandaza matawi mfano wa kipepeo cha ukili, msimu uliofuata ukuta ulichanua kuanzia usawa wa magoti.

Usiyalazimishe matawi makuu yaliyokomaa, kwa sababu yatavunjika. Kata moja au mawili ya zamani karibu na ardhi, subiri machipukizi mapya, kisha yalaze yangali laini, ukiyafunga kwa vipande vya leso kuukuu badala ya kamba ya nailoni inayokata gome. Kabla ya hayo yote, fukua kidogo udongo uangalie mahali mmea ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo hicho si la waridi ulilonunua, ni la shina lililolibeba, nalo lisipong'olewa huweza kuumeza mmea wote.

Kuhusu madoa meusi, hiyo ni kuvu, na huhitaji jani likae na maji kwa muda wa saa saba hivi mfululizo ndipo iingie. Mwagilia asubuhi, tena kwenye shina tu. Okota majani yote yaliyoanguka uyachome, weka matandazo, na upunguze matawi ya katikati ili upepo upite. Masika hatuwezi kuyazuia, lakini mmea ambao majani yake yamekauka maji kufikia saa nne asubuhi huugua kidogo sana.

Bi Mkubwa, Unguja

Assalaam aleikum. Mimi nitasema juu ya harufu. Huku kwetu tunaosuka vikuba, yale mapambo ya maua yanayonukia, tunajua kwamba kila ua lina wakati wake: asumini huchumwa jioni, waridi huchumwa alfajiri, likiwa limefunguka nusu na umande ungali juu yake. Mafuta yanayonukia hukaa kwenye petali, na jua likipanda huruka na hewa. Kwa hiyo huo mwaridi mwekundu hauna kasoro yoyote. Kama baraza yako inapigwa na jua la mchana, hamishia kiti chako asubuhi, au mwaridi utakaoupanda baadaye uuweke upande unaopata jua la mashariki na kivuli kuanzia adhuhuri. Mimi nina mmoja wa kienyeji kwenye pipa lililotobolewa, na joto hili la pwani hulistahimili kwa sababu ya kivuli hicho.

Nawasihi pia wenzangu wasidanganywe na uzuri wa maua ya dukani. Yale yamezalishwa ili yasafiri mbali na kudumu siku nyingi ndani ya chombo, na katika uteuzi huo harufu mara nyingi imeachwa nyuma.

Mzaliwa wa Unguja, Maskati

Naunga mkono maneno ya Bi Mkubwa. Huku Oman, juu ya Jabal Akhdar, kwenye mita 2,000 hivi, wanavijiji huchuma waridi la Damasko alfajiri katika miezi ya Aprili na Mei, kisha huzipika petali kwenye tanuri la udongo, na mvuke ukipoa hudondoka kuwa marashi, haya haya tunayoyatia kwenye mirashi siku za harusi. Lakini usiagize mche wake kwa tamaa. Waridi hilo huchanua mara moja kwa mwaka na linataka baridi ya kweli. Mimi nilileta mmoja hapa mjini ukanipa majani miaka miwili, tumba hata moja sikuliona.

Kwa Lushoto ningetafuta jamii ya Bourbon, iliyotokea kisiwa cha Réunion, kwenye bahari yetu hii hii, pale waridi la Damasko lilipochanganyika na la China. 'Zéphirine Drouhin' ya mwaka 1868 hutambaa, hunukia sana na karibu haina miiba, jambo jema penye watoto, ingawa madoa meusi huipenda. 'Souvenir de la Malmaison' ya 1843 ni nzuri mno, lakini matumba yake huoza kabla ya kufunguka mvua ikizidi.

Mkazi wa Lushoto

Ahsanteni sana, wazee wangu. Nimefukua leo asubuhi. Fimbo mbili kati ya tano zinatoka chini ya kiungo, na ndizo ndefu kuliko zote. Je, nizing'oe sasa, au nisubiri mvua ikatike?

Mama Bustani, Limuru

Zing'oe leo. Zivute kwa mkono zitoke na kitako chake, usizikate kwa mkasi, kwa kuwa ukikata zitarudi nyingi zaidi. Kati ya hizo tatu zilizobaki, zile zinazopinda bila kuvunjika zilaze mvua ikishapungua.