Ua la pinki limetoka baada ya mvua huku Voi, majani ya chini yamekatika ncha, ni ua gani?

MamaShamba_Voi
Habari zenu wadau, naomba mnisaidie kulijua ua moja. Niko upande wa Voi, udongo wetu ni ule mwekundu, na kuna kipande cha shamba hatujawahi kulima, ni miiba na nyasi tu. Wakati wa kiangazi pale huoni kitu kabisa, sasa mvua za Novemba zimepiga vizuri yakatoka maua ya pinki, mengi kwa shina moja fupi nene, petali zake nyembamba zimejikunja kurudi nyuma na harufu yake ni tamu ajabu. Majani ni marefu, yamelala chini kabisa kwa mchanga, nusu upande huu nusu upande ule. Kinachonichanganya ni kwamba majani ya nje karibu yote hayana ncha, kama mtu amepitisha kisu. Mbuzi hawafiki, tumeweka seng'enge. Nikafukua kidogo pembeni nikaona kuna kitunguu kikubwa kweli kweli. Ni wadudu wanakata? Na naweza kukihamisha karibu na nyumba? Nimelipenda sana.

Juma_Mtito
Dada si hiyo ni ile mpira mwekundu inatokanga na mvua ya kwanza? Kwetu iko mingi chini ya miti.

BustaniKame
Hapana Juma, unayosema ni Scadoxus multiflorus, ile inapenda kivuli, inatoa mpira wa duara mwekundu na majani yake yanasimama juu. Ya Mama Shamba kwa maelezo yake ni Ammocharis tinneana, iko sehemu nyingi za nyika Kenya na Tanzania, inaanzia Sudani inashuka hadi Namibia. Jina tinneana ni la akina Tinne, mama na binti kutoka Uholanzi waliosafiri kando ya Nile miaka ya 1860.

Sasa hizo ncha, hapo hakuna mdudu wala ugonjwa, tena ndiyo alama nzuri ya kuitambua. Jani la mmea huu linakua kutokea chini, kwa kitunguu. Kiangazi kikifika sehemu ya juu inakauka na kukatika lakini sehemu ya chini ya jani huko ndani ya kitunguu inabaki hai, mvua ikirudi jani lilelile linaendelea kusukumwa nje, ndiyo maana linatoka likiwa butu. Angalia majani ya katikati, yale mapya ya msimu huu, utakuta yana ncha yake kamili. Crinum, maua mengine ya kitunguu yanayofanana na hili, nazo zinafanya hivyo hivyo kwa hiyo usiamulie kwa ncha peke yake, lakini Crinum nyingi majani yanainuka kwanza halafu yanapinda, na maua ni makubwa kama tarumbeta, mara nyingi meupe yenye mstari wa pinki. Yako yamelala chini pande mbili, maua membamba yaliyojikunja, mimi sina shaka.

Mdudu wa kuogopa ni kiwavi mweusi mwenye madoa ya njano, huyo anatafuna hadi anaingia kwa shingo ya kitunguu. Ukimwona mtoe kwa mkono mapema.

Mkulima_Dodoma
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Kuhusu kuhamisha mimi nakusihi usichimbe, kitunguu kile kiko chini sana, mizizi yake minene ukiikata kinaweza kukaa muda mrefu bila kutoa ua tena, na huko porini vinachukua miaka mingi kufika ukubwa huo. Kama viko ndani ya hifadhi ndiyo usiguse kabisa, ni kosa kisheria. Subiri mbegu. Mbegu zake ni nene zina maji, siyo za kukausha na kuweka kwenye bahasha, zinaota hata zikiwa juu ya meza bila maji, kwa hiyo tunda likipasuka tu ziokote uzipande siku hiyohiyo. Iweke juu ya mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo, usiifukie, iache ionekane, kopo liwe refu lenye matundu chini. Halafu watoto na mifugo wasile, mmea huu una sumu, na ukishika kitunguu nawa mikono.

MamaShamba_Voi
Asanteni sana jamani, nimeenda kuangalia sasa hivi na kweli majani ya katikati yana ncha! Basi sichimbi. Na miche ikishaota kiangazi naimwagilia kila siku?

BustaniKame
Mwaka wa kwanza mpe maji kidogo kidogo maadamu majani ni mabichi. Yakianza kukauka yenyewe acha maji kabisa, kopo likae sehemu kavu mpaka mvua, kitunguu kilicholala kikipata maji ya kila siku kinaoza. Jua lipige la kutosha, shingo ya kitunguu ibaki juu ya udongo, na samadi mbichi usiweke. Ua litachukua miaka kadhaa, lakini yale ya shambani yatakuwa yanakupa maua wakati huo wote.

Juma_Mtito
Nimeelewa tofauti sasa. Dada mbegu zikipatikana nitafute, niko tayari kuja Voi.