Mwandishi wa tamthiliya Tanga: jukwaa, redio, runinga au kitabu, nianze na kipi?

Mwana_Ngamiani
Habari zenu wakuu. Nimemaliza stashahada ya sanaa za maonyesho pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, nimerudi nyumbani Tanga. Nataka kuandika tamthiliya kuwe ndiyo kazi yangu. Naona njia nne: vikundi vya jukwaani, michezo ya redio ya mashirika, tamthilia za runinga za Dar, au kitabu cha shule. Nina mchezo mmoja tayari, wa wavuvi wa Pangani, wahusika 12. Walio kwenye kazi hii naomba mnilinganishie, hasa upande wa kipato na haki za mwandishi.

Bi_Raskazone
Karibu nyumbani mwanangu. Kwanza punguza hao wahusika. Kikundi kikialikwa Korogwe, nauli na posho za watu 12 zinamaliza malipo yote kabla mwandishi hajakumbukwa. Jaribu kuucheza kwa watu watatu. Nahodha akijitanda kanga anakuwa mke wake. Benchi ni mtumbwi, likisimamishwa ni mlango wa mahakama. Watazamaji wetu wamekulia kwenye ngano za kusimuliwa, hilo haliwasumbui hata kidogo. Mchezo mwepesi kusafirishwa ndio unaochezwa mara nyingi, na wewe uandikiane na kikundi ulipwe kwa kila onyesho, hata kama ni kidogo.

Jukwaa halitakutajirisha. Lakini kaa nyuma kabisa ya ukumbi utazame watu wanaanza kushika simu wakati gani. Ukurasa huo ndio wa kukata. Hakuna mahali pengine utakapofundishwa hivyo. Na usilitupe Tamasha la Bagamoyo, lipo tangu 1982 na unawajua watu wa pale.

Fundi_Mitambo
Shikamoo Bi Raskazone. Mimi naandikia redio. Mashirika yanalipa vizuri, ila ujumbe unaletewa umeshapangwa: lishe, chandarua, uzazi wa mpango. Kazi yako ni kumfanya msikilizaji afuate maisha ya watu, somo lije lenyewe. Usidharau njia hii. "Twende na Wakati" ya Radio Tanzania ilipoanza 1993, Dodoma haikurushwa mpaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliousikia mchezo na wasiousikia. Ikaonekana waliousikia waliitikia zaidi uzazi wa mpango. Ni mara chache mwandishi wa michezo hupata ushahidi wa namna hiyo kwamba maneno yake yameingia nyumbani kwa watu.

Kiufundi ujipange upya. Huwezi kuandika "Mwanaidi anaiona barua mezani." Unaandika mchakacho wa karatasi, kisha Mwanaidi anasema, "Mama, huu si mwandiko wa baba?" Basi, barua imeonekana. Na mhusika akinyamaza muda mrefu, msikilizaji anajua ameshatoka, kwa hiyo mtu wa nne kwenye mazungumzo mpe angalau kikohozi.

Skripti_Dar
Mkuu, kama shida ni kipato, panda basi uje Dar. Chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zinahitaji tamthilia za Kiswahili muda wote, na hadithi moja inakula vipande vingi sana. Mnaandika kwa timu, mwandishi mkuu anashika mstari wa hadithi, wengine mnagawana vipande. Mwigizaji akiugua leo, usiku unaandika upya ili mhusika wake "asafiri". Ukikaa Tanga nafasi hizo zinakupita.

Haki ndipo penye maumivu. Mikataba mingi niliyoisoma inahamisha kila kitu kwa kampuni: hadithi, wahusika, mpaka marudio. Hadithi unayoipenda kuliko zote usiipeleke huko.

Mwalimu_Muheza
Skripti_Dar, kwenye kipato nakubali, kwenye kuhama sikubali. Skripti inatumwa kwa barua pepe, na lugha anayoisikia huyu kijana sokoni Ngamiani ndiyo mtaji wake.

Kuhusu kitabu: kikiingia kwenye orodha ya shule kinasomwa miaka na miaka, tazama tamthiliya ya "Ngoswe" ya Edwin Semzaba. Kisipoingia, mauzo ni ya kubahatisha. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu, huchapisha miswada inayoshinda. Kila mwaka soma tangazo uone nyanja zinazoshindaniwa.

Jambo jingine kijana. Ebrahim Hussein alipotoa tamthiliya ya "Kinjeketile" mwaka 1969, na Penina Muhando baada yake, maisha yao ya kazi yalikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shaaban Robert wetu wa Tanga alikuwa karani serikalini, alianzia forodha. Kuwa na mshahara pembeni hakukumpunguzia yeyote kati yao uandishi. Tafuta hata vipindi vya kufundisha.

Mwana_Ngamiani
Shukrani sana wazee wangu. Mchezo wa wavuvi nimeanza kuupunguza, nahodha na hakimu wanaweza kuchezwa na mtu mmoja. Swali: nikiuonyesha kabla sijausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si utaibwa?

Skripti_Dar
Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki unayo tangu ulipoutunga mchezo, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili unakupa ushahidi siku ya mzozo, kwa hiyo sajili. Kwenye mkataba andika mmeruhusiana nini hasa: maonyesho mangapi, mkoa gani, hadi lini. Redio na filamu ziandike kuwa zimebaki kwako.

Bi_Raskazone
Ukishafika watu watatu niletee. Nina vijana Chumbageni wanaofanya mazoezi Jumamosi, tutausoma kwa sauti na wewe ukiwapo.